Jumapili ya Kukausha Mawe

Leo nimefungua pipa, lile linalozungushwa na mota ili mawe yasuguane na unga na maji hadi yang'ae. Kwa kalenda, mawe yangekuwa tayari kwa hatua ya mwisho tangu juzi, maana siku saba za unga wa kusugulia namba 500 (namba ikiwa kubwa, unga ni laini zaidi) zimeshapita na kilichobaki ni ule unga mweupe wa kung'arishia, aluminiamu oksaidi. Lakini wiki hii umeme umetukatikia mara tatu hapa mtaani, mara moja usiku kucha. Pipa likisimama, unga hutuama chini na mawe hulala kwenye tope. Kwa hiyo sijui mota imefanya kazi siku ngapi hasa, na kalenda nimeacha kuiuliza.

Tope nililimwaga kwenye shimo nyuma ya nyumba. Zamani nilikuwa namwaga kwenye sinki, mpaka fundi bomba alipochokonoa akatoa kitu kigumu kama saruji, akanitazama bila kusema neno.

Niliposuuza mawe kwenye karai, mwanangu alichuchumaa pembeni. "Baba, mbona yameshaiva haya!" Kweli yalikuwa yanameremeta: akiki za rangi ya asali, kwatzi ya waridi, na vipande vichache vya krisoprasi ya Haneti, kule Dodoma, kijani kile kinachotokana na nikeli. Nikamwambia asubiri. Maji yakijaza mikwaruzo midogo, hata jiwe la barabarani hung'aa. Mzee mmoja mchonga vito, niliyekuwa nikimwamkia kila nikipita kibandani kwake, aliniambia siku moja nilipomletea mawe yakiwa bado yanachuruzika: "Mwanangu, umeniletea maji. Nenda kayakaushe, ndipo uniletee mawe."

Basi tukayaanika juu ya taulo hadi alasiri.

Yakikauka, rangi hufifia na ukweli hujitokeza. Jiwe lililotoka salama kwenye namba 500 huwa laini na lina mng'ao hafifu ulioenea sawasawa, kama kioo ulichokipulizia pumzi. Ukiliinamisha kuelekea dirishani, unauona mwanga wa dirisha juu yake, ila kingo zake zina ukungu. Nililotaka ni hilo "sawasawa". Jiwe lenye bega linalong'aa na tumbo lililopauka halijamaliza, hata likae humo mwezi.

Kisha lenzi ya kukuza mara kumi. Hapo ndipo kwatzi ya waridi iliponivunja moyo. Pembezoni ilikuwa na alama nyeupe zilizopinda kama vipande vya kucha. Hiyo si mikwaruzo, ni majeraha ya kugongana, na kosa ni langu: nilijaza pipa nusu tu, mawe yakawa yanaanguka badala ya kuteleza. Unga wa mwisho hauondoi majeraha ya namna hiyo. Itabidi yarudi nyuma, namba 220, safari hii pipa lijae theluthi mbili na nitie punje za plastiki za kuyakinga.

Na nyufa je? Mwaka jana niliacha akiki moja yenye ufa kwa sababu ilikuwa nzuri mno. Kumbe ndani ya ufa ilikuwa imebeba chembe za unga wa mwanzo kabisa, ule mkali. Chembe hizo zilitoka humo wakati wa hatua ya mwisho zikachora pipa zima. Wiki tatu za kazi, na mawe yakatoka yamepauka kuliko yalivyoingia. Leo kila ufa nimeupiga mswaki, na mawe mawili yenye mashimo nimeyatoa kabisa. Mwanangu ameyachukua, anasema ni ya kwake sasa.

Kwa yale niliyoyaonea shaka, nilikata kipande cha jinzi kuukuu, nikakilowesha, nikanyunyiza unga mweupe kidogo, nikasugua upande mmoja kwa dakika chache. Krisoprasi ikaitika upesi: pale niliposugua, nondo za dirisha zikaonekana zimenyooka. Akiki moja nilisugua hadi kidole kikapata joto, ikabaki vilevile. Hiyo bado.

Hesabu ya jioni: mawe 31, kumi na tisa yanaendelea, kumi yanarudi, mawili yamepata mwenyewe. Nimeosha pipa mara nne, na mfuniko nao, hasa ule mfereji wa ukingoni ambako unga hupenda kujificha. Nilipowasha mota, mama watoto akauliza kutoka jikoni kama kelele hizo ni za wiki nzima tena.

"Umeme ukiwepo," nikajibu.