Nilivyopata mbio za uwanjani Dodoma bila kuwa mwanachuo

Mtu mzima mwenye kazi yake akisema anataka kukimbia mita 800 hapa Dodoma, wataalamu wa kijiweni wana jibu moja tu: kajiandikishe marathoni. Ushauri huo nimeusikia hadi umenichosha. Mbio za barabarani zina fulana na medali, sawa, lakini hakuna marathoni itakayokufundisha kuingia kona ukiwa umebanwa na watu watano wenye spaiki, yaani viatu vya misumari. Mita 800 na 1500 kwa watu wa kawaida mjini hapa utazipata vyuoni, kwa hiyo ukizitaka lazima uanze kufuatilia riadha ya vyuo vidogo kama wengine wanavyofuatilia Simba na Yanga.

Mashindano rasmi msiyasumbue. TUSA ni ya vyuo vikuu, SHIMIVUTA ni ya vyuo vingine vya elimu ya juu, kama chuo cha biashara CBE, UMISAVUTA ni ya vyuo vya ualimu, na huku kwetu vipo Mpwapwa na Bustani ya Kondoa. Kote huko bila kitambulisho cha mwanafunzi utabaki jukwaani. Mtumishi wa wizara ana SHIMIWI yake, na tangu wizara zihamie Dodoma hao ni wengi. Kwa sisi wengine mlango ni bonanza, mbio za kirafiki kati ya chuo na chuo, na siku za mchujo, pale mwalimu wa michezo anapotafuta timu. Tarehe za mchujo hubadilika usiku wa kuamkia siku yenyewe, kwa hiyo namba ya mwalimu wa michezo ina faida kuliko tangazo la ubaoni.

Usiende mikono mitupu kuomba leni, yaani njia ya kukimbilia. Mwalimu ana wanafunzi themanini, filimbi moja na uwanja usio na mistari. Mwambie, "Mwalimu, shikamoo, nina futi ya mita 50, saa mbili za kupimia muda na chokaa, naomba nisaidie kuchora, nami nikimbie leni ya mwisho nje ya ushindani." Mimi hivyo ndivyo nilivyoingia, na sasa napigiwa simu mimi.

Kuchora ndiko kwenye utamu, na ndiko watu wanakoharibu. Viwanja vingi vya vyuo hupimwa kwa hatua za mtu. Raundi ikitoka mita 385, mizunguko miwili ni 770, na zaidi ya sekunde nne zimeliwa hapo. Ukisikia kijana kapiga mita 800 kwa 1:49 kwenye changarawe, usikimbilie kumpigia simu kocha wa taifa. Kapime uwanja kwanza.

Vipimo vya kitabuni ni mnyoofu, yaani sehemu iliyonyooka, wa mita 84.39 na nusu kipenyo cha kona 36.50. Hivyo ni vya uwanja wenye ukingo ulioinuka, ambako leni ya kwanza hupimwa sentimita 30 kutoka kwenye ukingo. Sisi tuna chokaa tu, na mstari wa chokaa hupimwa sentimita 20. Ukinakili 36.50 kwenye udongo, raundi inapungua sentimita 63. Dawa ni kuchora kwa 36.60, basi. Pigilia nondo mbili umbali wa 84.39, hivyo ndivyo vitovu vya kona. Kutoka kila nondo toka 36.60 pande zote mbili kwa pembe mraba, na pembe uipate kwa pembetatu ya mita 30, 40 na 50. Ukishapata vigingi vinne, pima mishazari yote miwili. Kila mmoja usome mita 111.71, ikitofautiana, umechora mstatili uliopinda, rudi mwanzo. Eneo likiwa jembamba, tumia mnyoofu wa mita 100 na nusu kipenyo cha 31.63. Leni sita zitakaa kwenye upana wa mita 78, ila urefu utahitaji karibu 178.

Kona sasa. Kila mtu atakuletea kamba ya manila, na kila mara itawaangusha. Inavutika: mshikaji akikaza mwanzoni na kulegea mwishoni, nusu kipenyo kinacheza hata nusu mita, na nusu mita ni zaidi ya mita tatu kwa raundi. Tulichoka nayo hadi fundi mmoja wa ujenzi akatupa waya wa kufungia nondo. Sokota nyuzi mbili ziwe moja, maana uzi mmoja hujikunja na kukatika. Wala usiufunge kwenye nondo yenyewe, kwa sababu ukizunguka unajiviringisha na kufupika kama sentimita mbili kila nusu duara. Visha nondo kipande cha bomba la maji kinachozunguka kwa ulaini, ufunge waya kwenye bomba, halafu pima 36.60 kuanzia katikati ya nondo. Bomba likae chini karibu na ardhi, waya ukae sambamba na ardhi, na vichaka vyote vya njiani ving'olewe kabla. Ncha ya waya ionyeshe ukingo wa nje wa mstari. Upana wa chokaa, sentimita tano, uangukie ndani.

Chokaa kavu ya Dodoma mwezi wa saba inaishia machoni mwa majirani. Koroga na maji iwe kama uji mwepesi, tia kwenye chupa ya lita moja na nusu, toboa kifuniko, tembea kinyumenyume. Tumia ile ya kupakia nyumba, na uvae miwani. Mfuko ni hela kidogo, mwalimu akibana toa mwenyewe.

Leni ni mita 1.22. Kwenye mita 400, uwanja usio na ukingo unampa kila mtu wa leni ya nje aanze mita 7.67 mbele ya mwenzake wa ndani. Ile 7.04 ya leni ya pili iliyomo vitabuni ni ya uwanja wenye ukingo. Ukiitumia kwenye chokaa unamwonea huyo wa pili sentimita 63. Kwenye mita 800 watu hukaa kwenye leni zao kona ya kwanza tu, kwa hiyo nafasi ni nusu yake, 3.83, na leni za nje kabisa ziongezewe sentimita chache kwa kuwa hao hukata mshazari kuingia ndani.

Saa iwashwe kwa kuona moshi wa bastola ya kuanzishia au vibao vikigongana, siyo kwa kusikia. Kwenye mita 100 sauti inachelewa karibu sekunde 0.3. Saa mbili zikitofautiana chukua yenye muda mrefu zaidi, zikiwa tatu chukua ya katikati, na sehemu za mia zipandishwe: 2:08.31 ni 2:08.4.

Mazoezi hayana miujiza. Anayetaka mita 800 kwa 2:08 anahitaji sekunde 32 kila mita 200, kwa hiyo mita 300 mara sita kwa sekunde 48, mapumziko dakika tatu. Wanachuo wana kasi ila mita 200 za kwanza wanazikimbia kama wameiba kuku, kisha wanakufa. Wote wanataka kuwa Filbert Bayi, aliyeongoza tangu mwanzo mpaka mwisho kule Christchurch mwaka 1974 na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1500. Waache waende. Ukikimbia leni ya pili kona nzima unaongeza 3.83 bure, yaani zaidi ya nusu sekunde. Kaa ndani, upepo wa mnyoofu wa nyuma mwachie mwingine akukatie, toka nje kwenye mnyoofu wa mwisho. Kwenye utepe kinachohesabiwa ni kifua. Alphonce Simbu, jirani yetu wa Singida, alichukua ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025 kwa sekunde 0.03.

Spaiki nunua mitumba, elfu kumi na kitu hadi thelathini kutegemea unavyobembeleza, ila jaribu kila tundu la msumari kwa ufunguo kabla ya kulipa: uzi wa skrubu ukiwa umelika, kiatu hicho ni mapambo. Misumari ya milimita 9 inatosha kwenye udongo mkavu, 12 ukiwa na unyevu. Paka grisi kidogo, la sivyo kutu itaigandisha.

Matokeo ya vyuo huandikwa watatu wa kwanza tu, kwa hiyo beba daftari uandike mpaka wa mwisho, na kando yake uweke mazingira: saa ya mkono, udongo, chokaa, upepo, nani alipima. Ukilinganisha na saa za umeme ongeza sekunde 0.24 kwenye mita 100 na 200, 0.14 kwenye 400. Mwalimu akikuuliza kijana gani apelekwe kwenye timu, mfungulie ukurasa.