Kashata ndo imenimaliza

Gego langu la chini kulia lilikuwa na tundu toka mwaka juzi na mi nilikuwa nalijua. Usiku likianza visa naliziba na karafuu, linatulia, asubuhi naenda zangu kazini. Karafuu inatia ganzi kweli ila tundu haizibi. Sasa Ijumaa ile nipo kijiweni Ngamiani, kahawa chungu mkononi, nikang'ata kashata, kaa! Nikadhani karanga, kutema kiganjani naona kipande cha jino.

Jumatatu hiyo kwa daktari wa meno. Kumbe binti mdogo tu, moyoni nasema huyu ataniweza kweli? Akaniuliza kaka una presha, sukari, kuna dawa inakudhuru, kisha akanidunga ganzi kule ndani kwenye ufizi, na hapo ndo pekee palipouma. Baada ya muda mdomo na nusu ulimi sinavyo, nikijigusa kama namshika mtu mwingine.

Shida ni sauti, hakuna aliyewahi kunambia habari ya sauti. Maumivu hamna ila unalisikia ndani ya fuvu kra kra kra kama msumari unatoka kwenye mninga, na wala havuti kwenda juu nilivyodhani, analitikisa tu kushoto kulia pole pole mpaka lilegee, mi nimeshikilia kiti jasho linanitiririka na feni linanipuliza usoni. Gego la chini lina mizizi 2, mmoja ukakatikia ndani, akaufuata na kichokonoo kingine huko huko.

Akanionyesha kwenye kisahani. Dogooo, la njano, mzizi umepinda kama ndoana. Hiki ndo kilichokuwa kinaniliza usiku wa manane mtu mzima!

Masharti sasa: ng'ata pamba nusu saa, leo usisukutue, usiteme teme mate, mrija marufuku, maana lile bonge la damu ndo kifuniko cha kidonda, likichomoka mfupa unabaki wazi. Maji ya chumvi ya uvuguvugu ni kuanzia kesho. Mi jioni nikapita kwa muuza madafu nikasahau, nikavuta mrija, damu hiyo, nikarudi kung'ata pamba kama mtoto aliyekatazwa.

Wiki ya pili hii, ulimi unaenda wenyewe kwenye pengo. Jana mzee wa kahawa kaninyooshea sinia, mwanangu chukua kashata. Nikamwambia mzee wangu, mimina kahawa tu.