Gadi wa Tabora mjini Scranton

Baba hakuja Marekani kutalii. Alikuja kumwona mjukuu wake, na baada ya kumaliza salamu za ndugu wote aliotumwa nazo, akawa anashinda dirishani kwetu Upper Darby, kando ya Philadelphia, akitazama majirani wanavyohangaika kuegesha magari. Maduka makubwa yalimchosha. Tulipompeleka Philadelphia kuona Kengele ya Uhuru, aliitazama kidogo, akasema imepasuka, akauliza choo kiko wapi. Mume wangu ndiye aliyepata dawa. "Baba mkwe alikuwa gadi wa treni," akasema. "Mpeleke Scranton, kwenye makumbusho ya treni."

Baba alipanda treni za Reli ya Kati karibu maisha yake yote ya kazi, kutoka Tabora kwenda Kigoma au Mwanza, kwanza akiwa kijana chini ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na lilipovunjika mwaka 1977 akaendelea na Shirika la Reli Tanzania. Sisi watoto tulimjua kwa mkoba wake: bendera, filimbi, taa, daftari la safari, na kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye karatasi. Ukiamka usiukute mkoba pembeni ya mlango, ujue baba yuko njiani. Madereva ndio waliosifiwa mtaani. Gadi alikuwa mkiani, kwenye behewa la mwisho, na baba alituambia kila mara kwamba treni haiondoki mpaka mkia useme.

Kutoka kwetu mpaka Scranton ni mwendo wa saa mbili hivi kuelekea kaskazini. Ilikuwa Oktoba, milima imebadilika rangi, mwanangu kiti cha nyuma akiuliza tumefika au bado.

Mji wenyewe una historia ndefu kuliko sura yake. Miaka ya 1840, wakati Wamarekani wengi walikuwa bado wanaagiza reli Uingereza, ukoo wa Scranton walianza kufua reli papo hapo. Matanuri yao ya mawe bado yamesimama. Baadaye chuma kikahama, yakabaki makaa ya mawe, yale magumu yanayowaka bila moshi mwingi, na kampuni ya reli ya Lackawanna ikawa inayabeba mpaka pwani ya New York. Mwaka 1930 mji ulikuwa na watu zaidi ya 140,000. Kisha watu wakahamia mafuta na gesi, migodi ikafungwa, treni za abiria zikakoma mwaka 1970, na sensa ya 2020 ikakuta watu kama 76,000. Stesheni yao ya mwaka 1908, jengo la fahari kabisa, ni hoteli.

Kilichoufufua uwanja wa treni ni mabaki ya mtu mwingine. Tajiri mmoja wa biashara ya samaki, Nelson Blount, alikuwa amekusanya vichwa vya treni vya mvuke huko Vermont. Alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1967, na mwaka 1984 mkusanyiko wake ukaletwa Scranton. Mbunge wa huko, Joseph McDade, akapigania Bunge liutambue uwanja huo kuwa eneo la kihistoria la taifa, likafanya hivyo mwaka 1986, na mwaka 1995 ukafunguliwa rasmi kwa jina la Steamtown. Wako waliolalamika kwamba fedha za umma zinatumika kutunza vyuma ambavyo vingi havikuwahi hata kufanya kazi hapo. Hoja yao ina uzito. Lakini walalamikaji hao hawakuwa na baba wa kumpeleka mahali.

Pale nje kuna dude linaloitwa Big Boy, kichwa cha treni cha mvuke namba 4012, la mwaka 1941. Urefu wake unapita mita 40, na likiwa na tenda yake iliyojaa makaa na maji linafika tani 540 hivi. Yalitengenezwa 25 tu. Mwanangu alifungua mdomo. Mimi nikatoa simu kumpiga baba picha, nikisubiri uso wake ubadilike. Baba akalizunguka polepole, mikono nyuma, kama afanyavyo kwenye mazishi ya mtu asiyemfahamu vizuri.

"Lilifanya kazi hapa?"

Nikasoma kibao. "Hapana baba, lilikuwa Wyoming, huko magharibi."

"Basi na lenyewe ni mgeni," akasema, akaenda zake.

Alikokwenda ni kwenye reli. Akasimama kati ya vyuma viwili, akapima kwa hatua, akaniita. Sisi Reli ya Kati ina upana wa mita moja, hiyo alizaliwa nayo. Hii ilikuwa pana. Nilipomwambia kwamba ni kipimo kilekile cha reli yetu mpya, SGR, ya Dar es Salaam kwenda Dodoma, akatikisa kichwa kwa furaha iliyomkosa kule kwenye Big Boy. Akagusa taruma kwa ncha ya kiatu. Lilikuwa la mbao. "Wanayabadilisha," akasema, "hili jipya, lile la zamani. Kuna gengi hapa inayofanya kazi." Hilo ndilo lililompendeza: kuna mtu anakuja asubuhi na nyundo.

Ndani ya shedi ile ya duara, ambayo mbele yake kuna meza kubwa ya kugeuzia vichwa vya treni, watu hupita juu kwenye ujia ulioinuliwa wakaona chini. Fundi mmoja alikuwa amelala chini ya kichwa, miguu tu ndiyo iliyoonekana, na harufu ya grisi imejaa. Baba alikaa pale mpaka mwanangu akaanza kunivuta mkono.

Siku hiyo treni fupi ya kuzunguka uwanja ilivutwa na namba 26, kichwa kidogo cha Baldwin cha mwaka 1929, kilichokuwa kikisogeza mizigo ndani ya kiwanda chenyewe cha Baldwin. Mwanangu alitaka mbele, karibu na moshi. Baba alikwenda mkiani bila kuuliza mtu, nasi tukamfuata. Kengele ikalia, mvuke ukapita dirishani, tukasukwa kidogo, tukaondoka. Watu wazima walipiga makofi. Mimi mwenyewe koo lilinibana, maana sauti ile ya kuhema niliisikia mara ya mwisho nikiwa mdogo.

Baba alikuwa amenuna. "Imeondoka bila bendera."

Nikamwonyesha kondakta mwenye redio begani: ameongea na dereva kwa redio.

"Nimemwona. Na redio ikizima?"

Sikuwa na jibu, na kwa kweli naamini hata kondakta angepata tabu.

Mchana tukapanda tramu, gari la reli la kubeba watu mjini. Scranton wanajiita Mji wa Umeme. Tramu za umeme zilianza kubeba watu hapo Novemba 1886, wakati miji mingi ya dunia bado inategemea farasi, na ya mwisho ikaegeshwa mwaka 1954. Jumba la makumbusho ya tramu liko jirani kabisa na Steamtown. Tuliyopanda ni namba 76, iliyoundwa Philadelphia mwaka 1926 na kiwanda cha Brill, na hapo ndipo nilipopata la kujivunia: gari hilo lilikuwa likitokea stesheni ya 69th Street, palepale Upper Darby ninapopandia tramu yangu ya kwenda kazini. Jirani yangu, kumbe.

Baba akachagua kiti cha nyuma kabisa. Chini ya sakafu pampu ya hewa ya breki ilikuwa inagonga, tuk-tuk-tuk, ikanyamaza, ikaanza tena. Alikuwa anaihesabu. Gari likafuata kijito, kikatokea kilima, tukaingia kwenye handaki la Crown Avenue, la urefu unaokaribia kilomita moja na nusu, lililochimbwa mwanzoni mwa karne iliyopita. Baridi ikaingia, taa za ndani zikapepesa, mwanangu akajikunja kwa babu yake. Tukatokea upande wa pili kwenye mwanga, mpaka kituo cha mwisho kando ya uwanja wa besiboli uliokuwa mtupu.

Pale tramu haigeuki. Dereva, mzee kijana mwenye kofia na kizibao, alichomoa mpini wake wa kuendeshea, akapita katikati ya viti akiubeba mkononi, akaja mpaka tulipokaa. Mkia umekuwa kichwa. Baba, aliyekwepa kukaa mbele siku nzima, akajikuta bega kwa bega na dereva.

Alifurahi sana, ingawa alijikaza. Akaanza kuuliza, nami nikawa mkalimani. Pampu ikiharibika handakini, unasimamaje? Dereva akamwonyesha gurudumu la breki ya mkono. Umewahi kuitumia kweli? Huwa wanaijaribu. Baba akasema vizuri, kwa sauti ya mkaguzi.

"Muulize wanamlipa kiasi gani."

Nikasita, nikauliza kwa lugha ya adabu. Dereva akacheka: hapati chochote, ni mstaafu, anajitolea tu kwa sababu anazipenda tramu.

Baba alinitazama akidhani nimetafsiri vibaya. Nikarudia. "Kazi ya reli? Bure?" Akakaa kimya kwenye handaki lote la kurudi. Tulipotoka mwangani akanigusa goti.

"Mwambie nina miezi miwili kwenye viza. Aulize kama wanahitaji gadi."

Nikamwambia. Dereva, macho yakiwa kwenye njia, akasema watu wa kujitolea wanahitajika kila siku, karibu sana, ila lazima mtu apitie mafunzo kwanza.

"Mafunzo!" Baba akanigeukia mimi. "Mimi nipewe mafunzo?"

Hakunisemesha mpaka tulipofika kwenye gari, na hata njiani, kila nilipodhani yamekwisha, namsikia: mafunzo.