Nimemtetea Frazier dirishani

Jana usiku nimepiga kelele dirishani kwa ajili ya boksa wa zamani, Joe Frazier. Mie, mtu mzima na wanangu watatu, nimetoa kichwa nje mtandio umenikaa upande nikawaambia wanaume wa barazani "ilikuwa raundi ya kumi na nne, si ya kumi na tano, na wala hakuanguka!" halafu nikarudi ndani mbio kama mtu aliyemwagia mpita njia maji ya vyombo. Mume wangu kaniangalia tu. Hakusema kitu, alikuwa anajipepea na kifuniko cha ndoo.

Wacha nieleze ilivyokuwa maana leo sokoni nimeshaulizwa na watu wawili.

Umeme ulikatika baada ya isha na wao chini walikuwa wanatizama mpira. Sasa umeme ukikatika huku Mji Mkongwe kwenye vichochoro vyetu sauti inapanda juu yenyewe, kuta mbili za mawe zinatizamana hatua nne tu, mtu akipiga chafya chini wewe wa juu unamuitikia. Feni imezima, joto halisemeki, nimekaa dirishani natafuta hewa. Sikuwa napeleleza. Haya basi nilikuwa nasikiliza, lakini sikuwa napeleleza.

Mpira hawana tena, siasa wameshaisema tangu alasiri, ndo kijana mmoja wa bodaboda akauliza eti nyinyi wazee hebu tuambieni boksa gani mkali kuliko wote tangu dunia iumbwe. Lo! Ungesema katia kiberiti kwenye makuti makavu.

Yeye mwenyewe ni mtu wa Mayweather. Hamsini kwa sifuri, hajapigwa hata moja, mnataka nini tena? Fundi saa, ambae sauti yake naijua hata usingizini, akamuuliza taratibu, "Na hilo la hamsini kampiga nani?" Kimya. "Si McGregor yule? Mtu siku hiyo ndo mara yake ya kwanza kupanda ulingo wa ngumi za kulipwa, 2017 hiyo, na nyinyi mkaihesabu." Kijana akahama hapo hapo akaenda kwa Tyson, maana Tyson anae kwenye simu, akawasha kile kipande cha pambano lake na Spinks mwaka 1988, sekunde 91 mtu yuko chini. Naona mwanga wa simu umewamulika nyuso wote wameinama kama wanasoma barua. Ikaisha. Fundi saa akasema, "Sasa tuwekee na ile ya Tokyo." Ile aliyopigwa na Buster Douglas, 1990, Tyson anatambaa kwenye turubali anatafuta kikinga meno chake. Kijana akasema chaji imekwisha.

Mwenye duka wetu ni mshihiri, asili yake Yemen, kwa hiyo kwake yeye dunia ina boksa mmoja tu, Prince Naseem. Kazaliwa Sheffield huko Uingereza lakini wazee wake wametoka Yemen basi tena, mtoto wa nyumbani. Ukimkumbusha Barrera alivyomsomesha pale Las Vegas 2001 ana sababu mpya kila mwaka, mara mkono ulikuwa unauma, mara uzito, jana ilikuwa mafua. Mwakinyo wetu wa bara nae katajwa, kwamba alikwenda Birmingham 2018 akamkalisha yule Muingereza Eggington raundi ya pili kwao kwenyewe, watu wakasema naam, naam, kwa heshima, lakini haikukaa. Mandonga katajwa kwa kucheka.

Maana wote walikuwa wanamngoja Ami.

Ami ni mdogo wake marehemu baba. Anakaa pale kwenye kona ya baraza palipochakaa chokaa kwa mgongo wake, na Ami ni mtu wa Muhammad Ali. Si peke yake. Ali huku kwetu si boksa, ni jamaa wa ukoo aliyehamia mbali. Na Ami hesabu zake anazo: Mapinduzi 12 Januari 1964, Ali kampiga bingwa wa dunia Liston kule Miami 25 Februari mwaka ule ule, wiki sita tu, halafu huyo ndo anatangaza dini yake na kuitwa Muhammad Ali. Ami alikuwa mtoto wa skuli. Anasema mwaka ule kila kitu kilibadilishwa jina.

Kichekesho ni kwamba Mzee Karume akaja akapiga marufuku ngumi Zanzibar. Zaidi ya nusu karne hakuna ulingo, hakuna klabu, mpaka juzi juzi hapa chini ya Rais Hussein Mwinyi ndo ikaruhusiwa tena. Kwa hiyo kizazi kizima kilichomhusudu Ali kuliko wote hakikupata pa kurushia hata ngumi moja ya halali. Ami hajavaa glovu maisha yake. (Makunduchi kila Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya, watu wazima wanatandikana kwa migomba mchana kweupe na wageni wanapiga picha, hiyo hamna neno. Nimewahi kumuuliza baba akasema ile si ngumi ile, ile mizimu.)

Basi Ami akaanza na Kinshasa, Ali na Foreman. Naijua hiyo hadithi kwa moyo na nikasogea dirishani vizuri zaidi. 30 Oktoba 1974, pambano limeanza saa kumi za usiku kule, ili Wamarekani waone kwao kabla ya kulala, na sie huku tuko mbele masaa mawili kwa hiyo ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Ami alikuwa kibarua bandarini. Anasema alikuwa anakwenda kazini akapita mlango wa mtu mwenye redio akasimama akingoja habari, hakuondoka mpaka aliposikia Foreman kaenda chini raundi ya nane, na siku ile akakatwa ujira na hajajuta mpaka leo.

Akasimama kuwaonesha. Muuza kahawa akafanywa Foreman kwa nguvu, mbirika bado anayo mkono mmoja na vikombe vinagongana kwenye mkono wa pili. Ami kajiegemeza ukutani ndo kamba, viwiko kavibana mbavuni, ngumi mbili mashavuni, kofia imemshukia mpaka kwenye nyusi, mzee wa miaka sabini na ngapi, anayumba yumba anamwambia muuza kahawa piga, piga, ndo hiyo tu nguvu yako? Na yule maskini anapiga hewa kwa vikombe, kling kling kling. Halafu Ami akatoka ukutani akarusha moja ya kulia polepole kama anamlisha mtu tonge, na hapo hapo kofia ikaanguka kwenye makaa ya kahawa. Kelele! Kofia imeungua kidogo pembeni, leo nimeiona.

Fundi saa hamuachi mtu akafurahi. Akamuuliza, "Na 1980 alipokuja Dar je?" Ali alitumwa na Carter, rais wa Marekani, azunguke Afrika atushawishi tusiende Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu akakataa hata kumuona. Ami ikamkaa. Akasema alitumwa tu, mjumbe hauawi. Fundi saa akasema hakuuliwa, kanyimwa chai.

Hapo ndo wakaingia Manila, pambano la mwisho la Ali na Frazier, na hapo ndo mie nikaharibu. Fundi saa akasema Frazier aliangushwa raundi ya kumi na tano akahesabiwa. Sikuweza. Mtu anaweza kuvumilia mengi lakini si hilo, Frazier hakuangushwa Manila hata mara moja, macho yote yamefumba haoni ngumi zinatokea wapi na bado anakwenda mbele, mwalimu wake Eddie Futch ndo aliyekataa kumuachia atoke raundi ya mwisho. Ali mwenyewe alikuwa amekwisha, alikuja kusema ile siku ilikuwa jirani na kufa. Ndo nikapiga kelele.

Chini pakawa kimya kama msikitini. Halafu sauti ya Ami, "Nani huyo? Wewe mwanangu? Umejuaje wewe?"

Nimejuaje. Baba alikuwa baharia, akirudi wenzake wanaleta redio na vitambaa vya Dubai yeye kaleta hivyo lakini chini ya begi kuna kaseti za video za ngumi. Kaka zangu walikuwa mpira tu. Mimi ndo nilikuwa nalala kwa tabu kwa hiyo mimi ndo niliyekaa nae. Ile ya kwanza ya Ali na Frazier, New York, 8 Machi 1971, tumeitizama mpaka mkanda ukaanza kutoa mistari. Raundi ya kumi na tano ndo baba alikuwa akiniambia sasa tizama miguu, usitizame uso, na Frazier anaachia ile ya kushoto inatoka chini kabisa kama anachota maji, Ali anakwenda chini na vile vishada vyekundu kwenye viatu vyake vinaruka juu. Baba anarudisha nyuma. Vinaruka tena.

Nikamwambia Ami, na sasa nimesimama wazi dirishani kwa kuwa nimeshaonekana, kwamba mimi mtu wangu ni Frazier. Wakacheka. Kijana wa bodaboda akauliza Frazier ndo nani. Ami akasema Foreman alimuangusha mara sita, mara sita mwanangu, Jamaica, 1973, raundi mbili tu. Najua. Sijasema ndo mkali kuliko wote, hapo ndo mnapochanganya mambo nyinyi kila siku, mkali ni kitu kingine na unaempenda ni kitu kingine. Ukitaka mkali ni Sugar Ray Robinson, mapambano karibu 200, na Ali huyo huyo mnaemsujudia alikuwa anamhusudu yeye. Lakini Robinson hakuna barazani aliyemuona hata kwenye kaseti kwa hiyo hana mtu wa kumkasirikia, na boksa bila wa kumkasirikia hanogi.

Frazier nampenda kwa jambo moja na nililisema. Ali alipokataa kwenda Vietnam 1967 wakamvua mkanda, wakamnyang'anya leseni, miaka mitatu na nusu hapigani hana kitu, Frazier ndo aliyempa pesa mkononi na ndo aliyekwenda kumsemea arudishwe ulingoni. Kurudi tu, Ali anamtukana mtu yule yule, mjinga, kibaraka wa wazungu, Manila anatembea na sokwe wa mpira mfukoni anamtoa mbele ya waandishi anamtandika makofi eti huyu ndo Frazier. Mtu kakusitiri siku ya dhiki. Nikasema kwa sauti fadhila za punda mateke, na mtaa mzima umesikia, na kumwita Muhammad Ali punda kwenye baraza ile naomba radhi nilipitiwa.

Ami hakukasirika. Akasema ilikuwa biashara ile, kuuza tiketi. Nikasema tiketi waliuza lakini waliotaniwa skuli ni watoto wa Frazier. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Lakini aliomba msamaha." Aliomba, miaka thelathini baadae, gazetini. Na Frazier alipokufa Novemba 2011 Ali alikwenda mazikoni na hali yake ile ya kutetemeka, hilo nalo nalijua na nalihesabu. Sikulisema jana, kwenye ubishi mtu humpi mwenzio jiwe la kukupigia.

Nililosema ni kwamba Frazier kazaliwa 12 Januari. 1944. Nikawaambia siku yake ya kuzaliwa nyinyi mnakaa nyumbani hamwendi kazini, wanajeshi wanapita uwanjani, na bado hamumpendi! Pale ndo hata fundi saa alicheka. Umeme ukarudi, feni ikaanza, wakakimbilia mpira wao.

Leo asubuhi nashuka na kikapu, Ami yuko pale pale peke yake, kofia kaigeuza upande ulioungua nyuma. Shikamoo Ami. Marahaba mwanangu. Nikapita, akaniita. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anauliza jambo la watu, ule mkono wa kushoto wa yule mtu wako, mbona ulikuwa unatoka umepinda vile, hata kwenye picha haunyooki?

Nikafurahi mie, kumbe ameutizama. Nikamwambia Ami, ule mkono ulivunjika udogoni kwao South Carolina, wazee hawana pesa ya daktari ukajiunga wenyewe umekunjika, haukunyooka tena mpaka anakufa, kwa hiyo ile ya kushoto ilikuwa imeshategwa tayari saa ishirini na nne.

"Subhanallah. Ulivunjikaje?"

Na hapo ndo ningenyamaza. Nikamwambia alikuwa mtoto akamchokoza nguruwe wa shambani, nguruwe akatoka bandani akamkimbiza, akaanguka kwenye tofali.

"Nguruwe?"

Nguruwe, Ami.

Nilivyorudi kutoka sokoni baraza imeshajaa. Nimesikia kicheko toka kwenye kona kabla sijawaona.