Ganda la zabibu

Bibi yangu kule Kibosho ndiye aliyekuwa akionjeshwa mbege, pombe yetu ya ndizi, ulezi na gome chungu la mti wa msesewe, kabla wageni hawajamiminiwa. Alinusa kwanza, akashika funda mdomoni, akatulia. Kisha husema, "Msesewe umezidi," au "Ulezi haukumea vizuri," na hakuna aliyebisha. Nilikua nikidhani ulimi ule alizaliwa nao.

Sasa naishi Dodoma, kazi ndiyo iliyonileta, na mwaka huu nimeamua kujifunza kuonja mvinyo. Nakaa mahali penye mashamba ya mizabibu, yanayovunwa mara mbili kwa mwaka, na nilikuwa nakunywa mvinyo wa hapa kama ninavyokunywa soda. Iliniuma.

Nilianza na vitabu, nikakwama ukurasa wa kwanza. Mvinyo mwekundu, wanasema, hunukia cheri, au matunda ya porini ya Ulaya ambayo sijawahi kuyatia mdomoni. Nitatambuaje harufu ya kitu nisichokijua?

Aliyeninasua ni mama mwenye nyumba wangu. Ana ekari moja ya zabibu kule Mpunguzi, na Jumamosi moja karibu na mavuno tuliongozana shambani. Alichuma zabibu moja nyekundu akanipa. "Mwanangu, usitafune yote pamoja. Ibinye."

Nikaibinya. Nyama ikachomoka, tamu, na maji yake hayakuwa mekundu hata kidogo. "Haya, sasa tafuna ganda peke yake." Nikatafuna. Fizi zikakauka, ulimi ukawa kama umepanguswa kwa kitambaa kigumu. Ukakasi! Ule ule wa ndizi mbichi, ule wa bibo. Yeye mwenyewe alikuwa ametema mbegu kiganjani, anaitazama. Ilikuwa ya kahawia. Akaivunja kwa meno, ikalia kaa! "Ikiwa bado kijani, sivuni, hata tunda liwe tamu namna gani."

Pale shambani nilielewa kitu ambacho vitabu vilinizungusha nacho. Mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, ndiyo maana una rangi na ukakasi. Mweupe hukamuliwa kwanza, maganda yakatupwa, ndipo maji yake yakaachwa yachachuke. Basi ukinywa mwekundu fizi zikakamatwa, hilo ni ganda linasema, na mbegu nayo.

Watu wengi huchanganya ukakasi na uchungu, nami nilichanganya. Msesewe una uchungu: hiyo ni ladha. Ndizi mbichi ina ukakasi: hiyo ni hisia ya kukwaruzwa. Ukishazitenganisha hizo mbili, mvinyo unaanza kukufungukia. Uchachu nao una alama yake. Meza au tema, inamisha kichwa kidogo, usikilizie mate. Yakikujaa haraka kama umetajiwa ukwaju, uchachu ni mkubwa. Chenin Blanc ya huku, mvinyo mweupe, hunifanyia hivyo kila mara, na naipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Jaribio lililonishangaza zaidi unaweza kulifanya leo, hata kwa juisi. Ziba pua, piga funda, lizungushe mdomoni. Utapata utamu na uchachu, basi. Halafu achia pua. Ladha yote inaingia kwa mkupuo, kama mtu amefungua mlango wa jiko. Kumbe sehemu kubwa ya tunachokiita ladha tunaipata puani. Tangu siku hiyo simimini zaidi ya theluthi ya glasi, ili harufu ipate nafasi ya kukaa, na nazungusha kabla ya kunusa.

Joto nalo nilijifunza kwa hasara. Chupa ya mwekundu niliyoiacha kabatini mwezi wa kumi, jua la Dodoma likiwa kali, ilinukia spiriti tupu. Siku hizi naiweka kwenye friji nusu saa kabla ya kufungua. Mweupe nafanya kinyume: nautoa mapema kidogo, maana ukiwa baridi mno haunukii kitu.

Cheri nimeachana nazo. Daftari langu lina zambarau, ubuyu, embe bichi, chai iliyokaa kwenye birika, udongo wa mvua ya kwanza. Natema pia, kwenye kikombe cha bati. Mwanzoni niliona ni kufuru kutema kitu kilichotokana na jasho la mama kama mwenye nyumba wangu, lakini kichwa kikishapata moto, ulimi hauhukumu tena kwa haki.

Wiki iliyopita nilimpelekea mama glasi ya mvinyo mwekundu wa hapa hapa Dodoma. Yeye na wenzake wakikosa mnunuzi wa zabibu huzikamua wakauza mchuzi, yaani maji yaliyokamuliwa, na kuonja mvinyo uliokwisha kutulia kwenye chupa ni jambo analolifanya mara chache sana. Aliishika glasi kwa mikono miwili. Akanusa. Akapiga funda dogo, akafumba macho, akapitisha ulimi kwenye fizi za juu, taratibu, kama bibi.

"Maganda yalikaa humu siku nyingi," akasema.

Nikaandika hivyo hivyo, na tarehe pembeni.