Mtungi wa zamani: valvu imetoka, na sibadilishi tena

Jamani imetoka! Wiki tatu nahangaika na huu mtungi wa chuma wa hewa ya kuzamia, steel 72 ya Kimarekani (72 ni jina la saizi), begani umegongwa 3AA2250 (aina ya chuma na presha yake, psi 2250), leo valvu imetoka kwa mkono, mkono mtupu, nikajiona mjinga.

Mpango ulikuwa kung'oa hii J-valvu (yenye leva ya kubakiza upepo wa akiba) nifunge K ya kawaida isiyo na akiba, maana siku hizi nani anahitaji akiba ya kuvuta wakati kila mtu ana geji. Nikafungua koki, ikapiga pssss kidogo ikanyamaza, nikasema basi mtupu. Nikaubana kwenye vaisi, spana kubwa, wapi. WD-40 usiku kucha, wapi (hiyo kopo watu wanaisifia mno, kazi yake harufu tu). Nikachomeka bomba la mita nzima kwenye spana, nikaambulia kuchubua kromu na mgongo kuuma. Nilishaanza kuulizia gesi ya kuchomelea niipashe shingo moto, Mungu kanisitiri.

Mzee jirani yangu, alikuwa boti za wazamiaji enzi hizo, kapita, nikampa shikamoo yake, hata hakukaa: "Marahaba mwanangu, hiyo leva umeishusha?"

Leva ya akiba ilikuwa juu, imeganda chumvi. Ikiwa juu, springi ya ndani inafunga njia presha ikifika kama psi 300, yani koki inakudanganya mtungi mtupu kumbe una upepo, na upepo huo ndo unaoisukuma valvu juu uzi unakaza. Hizi valvu za o-ringi (ringi ya mpira inayoziba shingoni) hazitaki nguvu, ikigoma jua kuna kitu ndani, na mimi nilikuwa nataka kuipiga moto! Tukaishusha na koleo polepole, ukatoka upepo hadi chai ikapoa. Baada ya hapo, vidole viwili.

Nikamulika tochi ndani: kavu, kutu ya unga kidogo tu. Miaka yote hiyo ile akiba imezuia maji ya bahari kuingia, halafu ndo valvu niliyotaka kuitupa.

Na ile K mpya? Inaingia shingoni raundi kadhaa lakini inachezacheza. Vernia (kipimo cha unene) ikasema uzi wake ni milimita 24.9, ya zamani 26.2. Nimeuziwa M25x2 (uzi wa milimita 25) na shingo ni robo tatu inchi ya bomba (jina tu, upana wake ndo hiyo 26)! Ukijaza hiyo inaruka kama risasi. Inarudi dukani kesho.

Kwa hiyo ya zamani inabaki. O-ringi ya shingo imekuwa kama plastiki, naweka mpya, na kile kisahani cha usalama kinachopasuka presha ikizidi pia, halafu kipimo cha presha ya maji kabla hata ya kuota kuujaza. Na wa kujaza nitamwambia leva iwe chini.

Rangi nimeahirisha, maana ile fito ya kuvutia leva haipo na nimeona kipande cha stenlesi cha milimita 4 kwa fundi mageti, sasa nawaza namna ya kukunja kile kitanzi cha chini bila kukivunja.