Jinsi nilivyozuia sanduku letu la barua kuhamishiwa kando ya barabara

Barua zetu bado zinaletwa mlangoni, barazani kabisa. Naandika haya kwa sababu nimechoka kuwasikia Waswahili wenzangu hapa Ohio, Marekani, wakiambiana kwamba majirani wengi wakishasaini masanduku yahamishwe, basi imekwisha. Haijaisha.

Mtaa wetu wa Columbus ni wa nyumba za zamani zenye ngazi na baraza mbele, na mpeleka barua hupita kwa miguu nyumba hadi nyumba, mkoba begani. Kamati ya mtaa ikaja na wazo kwamba kila nyumba isimike sanduku juu ya nguzo ukingoni mwa barabara, ili mpeleka barua awe anapita na gari bila kushuka. Hoja zao zilikuwa na uzito. Ngazi zenye barafu zinavunja watu miguu, mbwa wanauma, na ukaguzi wa 2011 ulikadiria kwamba kufikisha barua mlangoni kunagharimu kama dola 350 kwa anwani moja kwa mwaka, wakati kando ya barabara ni kama 220. Kilichoniudhi ni namna saini zilivyokusanywa. Mzee mmoja wa kamati alipita na karatasi akisema nusu ya mtaa ikikubali, waliobaki watafuata wapende wasipende. Hata Mtanzania mwenzangu, mtu ninayemheshimu, akaniambia, "Saini tu, dada, usijitafutie maneno na majirani."

Sikusaini. Jirani yetu wa ubavuni ni bibi mjane anayetembea kwa kushikilia kile kifaa cha miguu minne, na dawa zake za presha zinakuja kwa posta. Yeye alikuwa ameshasaini kwa kuamini ni lazima.

Kwanza nilisimama kikaoni nikaeleza majira ya baridi yalivyo. Gari la kusukuma theluji hurundika theluji ukingoni mwa barabara, palepale sanduku litakaposimama, na kuiondoa ili gari la posta lisogee ni kazi ya mwenye nyumba. Nikauliza bibi ataiondoaje. Wakanijibu vijana watamsaidia. Vijana gani, hakuna aliyewataja. Mikono ikainuliwa, nikashindwa vibaya.

Niliporudi nyumbani nikatafuta kanuni zenyewe. Posta ya Marekani ina mwongozo wake wa uendeshaji, na unasomeka kwenye intaneti. Humo imeandikwa kwamba kwenye mitaa ya nyumba zinazomilikiwa na wakazi, kila mwenye nyumba lazima akubali mabadiliko kwa maandishi, na asiyekubali anaachiwa huduma aliyokuwa nayo. Idadi ya majirani waliosaini haimhusu.

Kikao kilichofuata sikubishana. Nilichapisha kifungu kile kwa herufi kubwa, nikagawa nakala, kisha nikamwomba yuleyule mzee wa karatasi atusomee kwa sauti, maana sauti yake inafika nyuma ya ukumbi na Kiingereza ni lugha yake. Alianza vizuri, kwa sauti ya mkutano. Alipofika penye "kila mwenye nyumba" akapunguza mwendo, akarudia kimoyomoyo. Nikasema, "Samahani mzee, mstari huo hatukuusikia." Akausoma upya, mpaka mwisho. Mama mmoja wa nyuma akauliza kama anaweza kuondoa jina lake, na baada yake mikono ikawa mingi. Ningeyasema mimi maneno yaleyale, ningeulizwa nimeyatoa wapi. Yalipotoka kinywani mwake hakuna aliyeuliza, na mwenyewe akakubali kwamba karatasi ile iandikwe upya.

Kwa bibi nilipita na njia ya pili, nisibahatishe. Mwongozo uleule unaruhusu mtu mwenye shida kubwa ya mwili aletewe barua mlangoni hata kama mtaa mzima umehamisha masanduku. Anaomba kwa maandishi na kuambatanisha barua ya daktari. Barua ya kwanza ilisema tu kwamba ana maradhi ya viungo. Nikamsindikiza akaandikiwa nyingine, inayotamka kwamba hawezi kufika ukingo wa barabara na kurudi salama. Sisitizeni maneno hayo. Kuna waliomkatisha tamaa kwa kuwa mwanawe humtembelea, lakini mwongozo unasema ombi lisikataliwe kwa sababu tu yupo ndugu wa kupokea, wala kwa sababu tu ya gharama. Alikubaliwa.

Waliotaka kuhamisha masanduku yao waliyahamisha, na mume wangu aliwasaidia kuchimba. Pigeni simu namba 811 kabla ya kugusa sepetu, ni bure, waje kuweka alama mabomba ya gesi yanapopita. Kutoka usawa wa barabara hadi chini ya sanduku ni inchi 41 hadi 45, na mlango wake ukae inchi 6 hadi 8 nyuma ya ukingo. Magari mengi ya posta yana usukani kulia kama ya nyumbani Tanzania, kwa hiyo sanduku liwe upande wa kulia wa gari linakoelekea. Sanduku, nguzo na zege vilikula dola mia na kitu.

Wapangaji wajue kwamba kwenye majengo ya kupangisha, mwenye nyumba au meneja anaweza kusaini kwa niaba yao, kwa hiyo wamwahi yeye mapema. Na nyumba ikiuzwa, huduma haibadilishwi kiholela kabla mnunuzi hajahamia. Nakala ya kifungu hicho nimeshaipeleka kwa familia ya Warundi wanaonunua nyumba ya kona.